Fundi wa Magari Yanayolala

"Gari limekufa, fundi. Nimeshamwita mtu wa vyuma chakavu," mkwe wangu alishikilia. "Halina hata pumzi."

Fundi alijifuta vidole kimoja kimoja, kama kawaida yake, akaongea kwa sauti ile ya kuogopa kuamsha mtoto. "Yapo magari ya umeme ya kuchomekwa ukutani, bosi. Yapo ambayo injini kazi yake ni kulisha betri tu. Hili lako lina injini ya mafuta na mota ya umeme, vyote viwili husukuma, kwa zamu. Sasa hivi injini imelala." Akaingia, akakanyaga kidogo. Gari likaelea mbele kama linaota. Karakana ilitulia hata nikamsikia mbu akipiga miayo, na mimi bibi yenu sisemi uongo. Mkwe alikuwa ndio kwanza anafungua mdomo, mtu wa vyuma akaingia, mnyororo begani.

"Maiti iko wapi?"