Muhogo Uliolala Siku Moja

Ukungu unaposhuka asubuhi kama huu wa leo, mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo kwa miaka mingi sikutaka kuisimulia. Nakusimulia wewe kwa sababu bado una unga kwenye nyusi. Jana matokeo ya diploma yametoka, wenzako wamekumwagia unga kichwani, mmeimba Butembo nzima mpaka sauti zimewakauka, na uliporudi nyumbani nilikusikia ukimwambia mama yako, "Mi nimemaliza kusoma." Nilicheka. Kisha nikaogopa. Neno hilo nililisema mimi kabla yako, tena kwa kiburi kuliko wewe, na nitakuambia lilinifikisha wapi. Kaa hapo. Mimi bibi yako ni mwalimu, nikishika chaki siiachi upesi, basi nivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikifundisha chimie, yaani kemia, katika sekondari moja hapa mjini. Wanafunzi waliniogopa. Mtu akikosea herufi moja ya fomula nilimpa sifuri, na sikutaka kusikia maelezo. Dada yangu alikuwa amefariki na kuniachia binti yake Katungu, mtoto wa miaka minane, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko nguo. Vita ilipoingia mjini na risasi zikaanza kusikika karibu na soko, shule ilifungwa. Nilimshika Katungu mkono tukashuka kwa Mukaka, upande wa Oicha, kule msitu unakoanzia. Mukaka ndiyo bibi kwa Kinande chetu. Huyu alikuwa mama wa baba yangu, mkulima, mwenye miaka sabini na zaidi, na darasani hakukaa hata siku moja.

Nilidhani porini kuna usalama. Kumbe tuliruka majivu tukakanyaga moto. Wiki ya pili askari walikuwa wakipita njia ya huko kila siku, leo hawa, kesho wale, na hakuna aliyejua nani ni wa nani. Watu wa kule walipika asubuhi tu, ukungu ukiwa umeshuka, ili moshi usionekane. Ukungu ukipanda, moto umezimwa na majivu yamefunikwa. Majogoo wote walikuwa wamechinjwa, si kwa sherehe, bali kwa sababu jogoo akiwika anawaonyesha watu mlipo. Katungu alijifunza kukoholea ndani ya kitambaa. Ninyi mnaniuliza kwa nini nashtuka mlango ukipigwa na upepo. Ni kwa ajili ya siku zile.

Chakula kilichobaki kilikuwa muhogo. Sasa sisi watoto wa Butembo unga tuliukuta sokoni, umeshakuwa unga. Muhogo wa kwetu tuliumenya, tukauchemsha, tukanywea chai. Wa Mukaka ulikuwa mwingine, ule mchungu. Alinipeleka kwenye kijito, tukazamisha kikapu cha mihogo tukakikandamiza kwa mawe, kisha akanishika mkono.

"Hii hapana ya kupika vile," akasema. "Ilale mu mayi siku ine. Siku ya ine utavunja, itapondeka mu vidole sawa sabuni. Kama ingali nguvu, rudisha. Unasikia?"

"Nasikia, Mukaka."

"Hapana, unaniitikia tu. Rudia venye nimesema."

Nilicheka. "Mukaka, mi ni professeur wa chimie. Nimemaliza kusoma."

Alinitazama, wala hakukasirika. "Na ile chimie," akauliza, "inalalaka mu mayi siku ngapi?"

Nilidhani ananitania. Kesho yake alfajiri, ukungu ukiwa chini, akaondoka kwenda Oicha kutafuta chumvi, alale huko, akaniachia kibanda, mtoto na kikapu kilicho majini.

Mchana wa siku hiyo risasi zililia upande wa kijito. Tatu, kisha kimya, kisha nyingine. Mwanangu, sitakudanganya kwamba nilifikiri. Nilikuwa naogopa tu. Niliona kwamba askari wakikaa kijitoni hatutapata chakula tena, na niliona pia, hili nalikiri leo, kwamba sikuwa tayari kukanyaga pale mara ya pili. Milio ilipotulia nilitambaa mpaka majini, nikang'oa kikapu, nikarudi nacho mbio. Katungu alikuwa analia kwa njaa. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu, kwa kuwa kilio nacho husikika mbali.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Asubuhi iliyofuata, ukungu uliposhuka, niliwasha moto nikachemsha ile mihogo. Nilipoivunja ilikuwa migumu kama chaki. Niliona. Mikono yangu iliniambia, na nikaipuuza mikono yangu. Nilijisemea kwamba moto unaua kila kitu. Nani alinifundisha hivyo? Hakuna. Msomi akikosa jibu hutunga moja, akaliamini kwa sababu limetoka kinywani mwake.

Katungu alitafuna kidogo akakunja uso. "Mama mudogo, iko kali."

"Kula."

"Inaniuma ku ulimi."

"Kula na unyamaze, banatusikia!"

Akala. Mimi nilionja matonge mawili, sehemu yangu nyingine nikamwongezea yeye, kwa upendo. Ndiyo, kwa upendo. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Muda haukupita mwingi. Ukungu ulikuwa haujapanda wote aliposema kibanda kinazunguka. Akatapika. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Pumzi yake ikawa ya haraka haraka, kama mtu aliyekimbizwa, naye amelala. Nilimwita jina, akanitazama kana kwamba niko mbali. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanigonga, lakini hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya kichwa. Nilikuwa nimekimbia askari kutoka Butembo mpaka Oicha ili mtoto wa dada yangu asiuawe, na sasa nilimwona anakufa kwa mkono wangu. Nilitaka kupiga kelele, na kelele zilikuwa zimekatazwa.

Mukaka alitokea njiani na chumvi yake ndani ya sashe, kifuko cha plastiki. Alimtazama mtoto. Akatazama sufuria. Akachukua kipande kilichobaki, akakibana kwa vidole, hakikupondeka.

"Imelala siku ngapi?"

"Moja," nikasema.

Nilingoja anitukane. Akaitupa chumvi chini, ile chumvi aliyoihatarishia maisha, akasema, "Beba mutoto. Tunaenda."

"Mukaka, basoda, bale askari..."

"Nimesema beba."

Nilimfunga Katungu mgongoni kwa kitenge tukashika njia, jua limeshatoka, njia ambayo wiki nzima hatukuthubutu kuikanyaga mchana. Mukaka alitangulia. Mimi nilihesabu pumzi za mtoto kwenye shingo yangu, na kila ilipochelewa moja nilisimama, na kila niliposimama Mukaka aliniambia bila kugeuka, "Tembea." Karibu na Oicha tulikuta kamba imefungwa njiani na askari watatu. Mmoja, kijana, alituelekezea bunduki.

"Bokei wapi?" akauliza kwa Kilingala chao.

"Ku dispensaire," Mukaka akajibu. "Mutoto amekula muhogo haiyaiva mu mayi."

"Na huyu ni nani?"

Nikajibu mwenyewe, nikidhani cheo kitatusaidia. "Mi ni professeur. Wa chimie."

Kijana alianza kucheka, kisha akaona kichwa cha Katungu kinavyoning'inia, akaacha. "Chimie, na haujui muhogo? Kwetu hata mutoto mudogo anajua ile." Akaishusha kamba kwa mguu. Sijui yule kijana alitenda nini kabla ya pale wala baada yake, kwa hiyo simsifu. Lakini aliniambia kweli, na bunduki yake haikunitetemesha kama kweli ile.

Kwenye zahanati muuguzi alisikia habari yetu maneno mawili tu, akamlaza mtoto, akamtundikia dripu ya seramu. Alipokuwa akitafuta mshipa alisema kama mtu anayejisemea, "C'est le manioc. Acide cyanhydrique." Ni muhogo, ni asidi ya sianidi.

Jina lile nililijua! Nililiandika ubaoni kila mwaka. Mvulana mmoja nilimpa sifuri kwa kupanga vibaya herufi zake tatu, akalia mbele ya wenzake. Kwenye mtihani wangu wa serikali ndilo lililonipa alama nilizojivunia. Jina lilikuwa mdomoni mwangu, chenyewe kilikuwa kwenye sufuria yangu, na mimi sikuwahi kuvikutanisha.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na Mukaka, tukimtazama mtoto anavyopumua. Hakuna lingine la kufanya. Nami nikangoja kiboko changu.

"Ile jina infirmier amesema," akaanza, "unaijua?"

"Naijua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu shuleni, Mukaka."

Akatikisa kichwa polepole. "Donc wewe ulijua jina yake, sura yake hapana. Mi najua sura, jina sijui. Tuko bajinga babili mu banc moja. Mais mutoto ni mumoja tu."

Nililia. Aliniacha nilie, kisha akanigusa goti. "Sasa nifundishe."

"Hapa? Sasa hivi?"

"Hapa. Niko naogopa, na kichwa yenye kuogopa inataka kazi. Mama yangu aliniambiaka siku ine, mi nikatii. Sababu hakuniambia. Niambie sababu."

Nikamweleza, nikinong'ona, macho yetu yakiwa kwa Katungu. Kwamba sumu imo ndani ya mzizi wenyewe, imefungwa. Kwamba ukiloweka, mzizi unalainika na ile sumu inafunguka, inatoka polepole, nyingine inachukuliwa na maji. Kwamba moto wa haraka hauwezi kufanya kazi ya siku nne. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama mtoto wa darasa la kwanza, bibi wa miaka sabini na zaidi, huku nje milio ikisikika tena upande wa msitu.

"Na mayi inaipeleka wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Ile sumu. Ku muhogo imetoka, sawa. Inaenda wapi? Chini ya kijito kuko batu, banakunywa."

Miaka mitano nimefundisha, hakuna mwanafunzi aliyeniuliza hivyo, maana nani angethubutu? "Sijui," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo kama mwalimu. Mukaka akapiga goti langu tena, kama mtu aliyepokea kitu kizuri. "Basi tutauliza," akasema.

Alasiri Katungu alifumbua macho akataka maji. Baadaye akauliza kama ile mihogo imebaki, maana hataki kuimaliza. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi akanifukuza nje.

Tuliporudi shambani, Mukaka alichimba shimo mbali na kijito, akawa anateka maji jioni na kuloweka mihogo humo. Alianza desturi mpya katika umri ule, na vita imemzunguka, kwa sababu ya swali lake mwenyewe ambalo hakuna aliyemjibu. Mimi alinikalisha kwenye muhogo mpaka nikaweza kuujua kwa vidole, macho yamefumbwa. Alifariki kabla vita haijaisha, kwa kifua, kitandani mwake, namshukuru Mungu. Swali lake nimetembea nalo. Nimewauliza wataalamu wa kilimo, nimewauliza wanawake wa Vuhovi wanaoleta unga sokoni, nimesoma vitabu, nimepata nusu ya jibu hapa na robo pale. Nakaribia miaka sitini na bado niko kwenye lile benchi.

Na Katungu unamfahamu, yule shangazi yako mwenye kelele. Ana watoto watatu sasa. Lakini akija hapa nikaweka bugali wa muhogo mezani, ananawa mikono, anakaa, ananitazama. "Mama mudogo, imelala siku ngapi?" Ninyi nyote mnacheka, mnadhani ni utani wa familia. Mimi pia nacheka. Lakini tazama vizuri siku nyingine: hashiki tonge mpaka nimjibu.

Basi mwanangu, diploma yako itunze, nimeifurahia, usidhani naidharau. Ila hayo uliyonayo ni majina. Sura zake ziko kwa watu, na wengi wao hawana karatasi: mama anayeuza unga, fundi, mtoto anayekuambia chakula ni kikali. Mtoto akikuambia ni kikali, mwanangu, acha kila kitu umsikilize. Na siku utakapojisikia ukisema "najua", ogopa kidogo, ujiulize limelala siku ngapi. Mimi sikujiuliza, nikambeba mtoto mgongoni mbele ya bunduki. Kuuliza si ujinga, na anayeacha kuuliza ndiye wa kuogopwa kuliko yule aliyefunga kamba njiani.

Haya, inama nikupanguse unga huo. Mungu akupe maji ya kutosha na siku za kutosha, akupe wa kukuuliza usilolijua, na akupe ujasiri wa kumjibu "sijui". Asikuache umlishe mtu yeyote kitu ambacho hakijaiva ndani yako. Nenda sasa, mama yako anakungoja.