Mpishi wa Ngara asiyeonja chakula chake

Ni Ijumaa, saa mbili asubuhi, na Nairobi imeamka chini ya wingu zito la Julai. Manyunyu yanagonga mabati ya jiko la nyuma katika hoteli ndogo ya Bwana Sharif, mtaani Ngara. Ndani ya jiko kuna joto. Zena Mbarak anakoroga supu ya mbuzi kwa mwiko mrefu, anachota kidogo, anapuliza, kisha anasita.

Anaunyoosha mwiko kando, bila kugeuka.

"Joyline, njoo uonje."

Joyline, msaidizi wake, anaacha viazi alivyokuwa akimenya, anafuta mikono kwenye aproni na kukinga kiganja. Mchuzi unatiwa. Anaulamba, kisha anatazama dari kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

"Chumvi iko sawa. Ndimu bado."

"Bado kiasi gani?"

"Haijanifanya nifumbe jicho moja."

Zena anakamua nusu ndimu. Joyline anaonja tena na kufumba jicho. Supu inakwenda mezani.

Zena hana budi kuliamini jicho hilo. Tangu Jumanne, mwanamke huyu wa miaka arobaini na minne, mpishi tangu ujana wake Kibokoni, Mombasa, hajatia kinywani chochote kinachotoka katika sufuria zake.

Chakula chake kiko rafuni, kati ya kopo la bizari na chupa ya siki. Ni chupa ya plastiki yenye kifuniko cha buluu. Ndani yake mna kinywaji kizito cha rangi ya uji wa wimbi, kilichokorogwa kwa unga wa lishe na maji baridi. Hicho ndicho chamshakinywa chake, na hicho hicho ndicho chakula cha mchana. Jioni anaruhusiwa sahani ya mboga na kipande cha samaki.

"Bi Zena anakunywa simiti," Joyline anasema. "Siku moja tutakuja tumkute amekuwa ukuta."

"Ukuta haulali njaa, mwanangu. Mimi nalala."

Njaa hiyo ni kwa ajili ya Abdulrauf, ndugu yake wa pekee. Ana miaka ishirini na tisa na ni karani katika duka la vitambaa katikati ya jiji. Mafigo yake yaliacha kufanya kazi mwaka juzi. Mara mbili kwa wiki huenda hospitali, Upper Hill, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Zena alipojitolea kumpa figo moja, vipimo vya mwanzo vilionyesha kwamba damu zao zinapatana. Kizuizi kilikuwa mizani. Zena alikuwa na kilo tisini na sita. Daktari alitaka zishuke hadi themanini na nane ndipo vipimo vilivyobaki vifanywe. Bila vipimo hivyo, hakuna upasuaji.

"Daktari hakunitisha," Zena anasema. "Aliniambia, 'Mama, nataka utoke hapa mzima kama ulivyoingia.' Sasa hapo utabishana nini?"

Hii ni mara yake ya pili kujaribu. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, alikunywa vinywaji vyake kwa uaminifu kwa wiki nzima, akarudi kliniki akiwa na matumaini, na mizani haikusogea. Nyawira, mtaalamu wa lishe anayemwongoza, alimuuliza kazi yake. Alipojibu kuwa ni mpishi, Nyawira alimpa zoezi moja dogo: kila anachotaka kuonja siku hiyo asikile, akitie katika bakuli.

Wapishi wana msemo wao kwamba kuonja si kula. Zena aliuamini maisha yake yote.

"Kufika adhuhuri bakuli limejaa," anasimulia. "Supu, maharagwe ya nazi, kaimati mbili, nyama ya kupima kama imeiva. Nikalitazama nikaona haya. Kumbe nilikuwa nala mara mbili, mara kwa chupa na mara kwa mwiko."

Alijaribu kuonja na kutema. Marehemu mama yake aliweza. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akigusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi na kuutema, na saumu yake ikabaki salama. Zena hakuweza hata siku moja. "Koo langu halina mlango," anasema.

Joyline ndiye aliyepata njia. Yeye ni mzaliwa wa Siaya na mwimbaji wa kwaya kanisani. Kwa miaka sita sasa, kila Ramadhani, yeye ndiye huonja futari inayopikwa katika jiko hili. Zena hupika akiwa amefunga, Joyline huonja kwa niaba yake, na Waislamu wa Ngara hufuturu kwa chumvi iliyopimwa na ulimi wa Mkristo. Hakuna aliyewahi kulalamika.

"Nilimwambia, Bi Zena, si tufanye tu kama ni Ramadhani?" Joyline anasema. "Niko hapa. Ulimi yangu haina kazi ingine."

"Ina kazi nyingi," Zena anamjibu. "Muulize mumeo."

Jumanne wakaanza. Siku hiyo ilipita vizuri, kama siku za kwanza zinavyopita mtu akiwa bado na hasira ya kushindwa. Jumatano ndiyo iliyomvunja. Kichwa kiligonga tangu asubuhi, na miguu ikawa kama ya kuazima. Njaa, wahenga walisema, ni mwana malegeza. Saa saba wateja walikula mbele yake, saa tisa wakaja wengine, na saa kumi wakaja wa chai na mahamri. Alilia akikata vitunguu, na kwa mara ya kwanza machozi hayakuwa ya vitunguu.

"Saumu ya Ramadhani ina mahali pa kutokea," anaeleza. "Mji mzima una njaa pamoja nawe. Jua likizama, mnakula pamoja. Hii ya chupa uko peke yako. Haina adhana."

Jioni ile alifika nyumbani kwao, mtaa wa Satellite, akaketi bila kuvua mtandio, akamwambia ndugu yake kwamba hawezi.

Abdulrauf angeweza kushukuru. Tangu mwanzo hakuutaka mpango huu. Dada yake ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemlisha kwa mkono alipokuwa mdogo. Kumwona akikaa na njaa kwa ajili yake kulimuuma kuliko sindano. Kila mchana alikuwa akimpigia simu na kumwambia ale, hiyo figo itatoka kwingine.

Jioni hiyo hakusema ale. Aliingia jikoni, akarudi na kikombe cha kahawa, kimoja cha vile vidogo visivyo na mkono, kikiwa kimejaa maji.

Ni vizuri msomaji ajue kikombe hicho. Mtu ambaye mafigo yake hayafanyi kazi hapaswi kunywa maji apendavyo, maana hayana njia ya kutoka. Abdulrauf hupimiwa maji yake ya siku nzima, na huyagawa kwa kikombe hicho. Hujua ladha ya kila funda.

"Dada, hiki nilikuwa nacho tangu alasiri," alimwambia. "Nilikuwa nakungoja. Wewe umenyimwa chakula, mimi nimenyimwa maji. Tufuturu."

Adhana ya Magharibi ilikuwa ikisikika. Zena aliandaa mboga zake na kipande chake cha samaki. Akaulizia tende, kwa mazoea.

"Tende nimekatazwa," alisema Abdulrauf. "Nawe umekatazwa. Tufungue kwa bismillahi, hiyo haina sukari."

Zena alicheka hadi kichwa kikaacha kugonga. Tangu jioni hiyo, funga yake ina adhana.

Lakini leo ni Ijumaa, na Ijumaa ni siku ya pilau. Saa nane kasoro, watu wanatoka kuswali na meza zinajaa. Saa tisa sufuria kubwa imebaki chini tu. Hapo ndipo mtihani ulipo.

Bwana Sharif mwenyewe anaingia jikoni na upawa wa chuma. Katika hoteli hii ukoko wa pilau ni haki ya mpishi. Hauuzwi, na mteja hapewi hata akiomba. Kwa miaka kumi na mmoja Bwana Sharif ameukwangua kwa mkono wake na kumpelekea Zena kwenye sahani, na leo mkono umekwenda kwa mazoea kabla ya akili kukumbuka.

"Astaghfirullah," anasema akiwa tayari amenyoosha sahani. "Bi Zena, nisamehe. Nimesahau."

Zena ameshaipokea. Ukoko una rangi ya kahawia, unang'aa kwa mafuta, na iliki inapanda na mvuke. Anamega kipande. Bwana Sharif anatazama viatu vyake.

"Kipande kimoja hakiui," Zena anasema polepole.

"Hakiui," Joyline anakubali. Anasogea na kukinga kiganja. "Lete nionje kama kiko sawa."

Zena anamtazama. Kisha anakiweka kipande kile katika kiganja cha mwenzake.

"Tafuna polepole," anamwagiza. "Uniambie."

"Kinalia kwa meno."

"Kimekauka?"

"Nje kimekauka. Ndani kuna mafuta kidogo. Kuna mdalasini, halafu kuna ka-nyama kamejificha."

"Kamelainika?"

"Kameisha hata sijakatafuna."

Zena anafumba macho. "Alhamdulillahi," anasema. "Nimeshiba."

"Wewe unakonda, mimi nanona," Joyline anasema huku akimega kipande kingine. "Mwisho tutabadilishana nguo."

Asubuhi, kabla ya kuja kazini, mizani ya jirani yake ilisoma kilo tisini na nne na nusu. Nyawira amemwonya kwamba kilo za mwanzo huwa nyingi ni maji, na kwamba kazi bado ni ndefu. Zena anajua. Akiulizwa anatumaini nini, hataji upasuaji wala kilo.

"Nataka nimwone akijaza bilauri kubwa," anasema. "Ile ya wageni. Anywe mpaka aiweke chini mwenyewe kwa kuwa ametosheka. Basi."

Saa kumi mvua inaacha. Bwana Sharif anaosha sufuria ya pilau kwa mkono wake, ingawa hakuna aliyemwomba. Joyline anamaliza ukoko, analegeza kifungo cha sketi na kurudi kwenye viazi. Kule Upper Hill, Abdulrauf anafunguliwa mashine, anakwenda nyumbani, anajaza maji katika kikombe cha kahawa na kukifunika kwa kisahani. Zena anavua aproni, ananawa mikono mara mbili ili harufu ya iliki itoke, na anafika Satellite kabla ya adhana.