Magunia ya Mama Takriban

Msinione nimetulia nyuma ya cherehani mkadhani nyumbani kwangu kuna utulivu. Mimi nimeoa mtafiti wa bei! Ofisi yao inafuatilia kahawa, pamba na shaba: zimezalishwa kiasi gani, zimesafirishwa wapi, msimu ujao zitauzwaje. Shaba ikishuka bei huko duniani, kwangu chakula cha jioni tunakula kimya kimya, utadhani tuna mgodi uani.

Mtaani wanamwita Mama Takriban. Muulize chai itakuwa tayari saa ngapi, atakwambia, "Takriban dakika kumi, ikizidi au ikipungua kidogo." Siku ya kwanza nilipomuuliza kama ananipenda, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema, "Kwa taarifa zilizopo hadi sasa, inaelekea." Inaelekea! Mwanamume mzima, nimenyoa, nimevaa suti niliyoishona mwenyewe! Nikamwoa hivyo hivyo, ningefanyaje na moyo ulishazama?

Basi, mwaka huo mvua zilichelewa. Wakubwa wa ghala la kahawa, lile linalotazamana na duka langu, walizunguka mashambani kwa gari. Wakaona mikahawa imenyauka, vumbi juu ya majani, wakarudi na kauli moja kwamba mavuno yatakuwa nusu. Wakaagiza magunia nusu.

Mke wangu yeye akavaa mabuti. Hao watu wana utaratibu wao: mashamba ya kupima yanachaguliwa kwa kura. Likitoka la bondeni unateremka bondeni, likitoka la mkorofi mwenye mbwa wakali unakwenda kubisha hodi kwa mkorofi. Kila shamba anashika matawi na kuhesabu maua, kisha anarudi baadaye kuhesabu matunda yaliyoshika. Alirudi nyumbani matope hadi magotini, anacheka peke yake.

"Baba watoto, iliyokauka ni ile ya kando ya barabara tu. Huko ndani mikahawa imeelemewa! Mavuno ni takriban mara mbili ya wanayosema."

Taarifa yake ilipofika ghalani, walicheka. Meneja wao, mteja wangu wa siku nyingi, alinifuata mpaka dukani. "Fundi, hivi mkeo alihesabu maua au alihesabu nyuki?" Damu ilinichemka. Nilimkabidhi suruali yake bila kuipiga pasi.

Siku iliyofuata nilichukua akiba yote niliyokuwa nadunduliza ya cherehani mpya, nikanunua marobota ya kitambaa cha gunia. Duka lilijaa mpaka wateja wakawa wananisalimia dirishani. Mke wangu alipofika, alishika kiuno.

"Unashona nini?"

"Magunia."

"Kakuagiza nani?"

"Taarifa yako."

Akaketi juu ya robota. "Mume wangu, yale ni makadirio! Nikikosea, ofisini watasema ndiyo kazi ilivyo. Wewe utabaki huna duka!"

"Basi usikosee."

"Nisikilize! Kwa nini umefanya hivi?"

"Mama watoto, tangu nikuoe hujawahi kuniambia nimependeza siku ambayo sijapendeza. Hata siku ya harusi ulisema koti linanibana. Mtu wa namna hiyo ataongeza chumvi kwenye kahawa ya watu?"

Alitaka kukasirika, akashindwa, akaangua kicheko. Kisha akachukua mkasi akaanza kukata nyuzi.

Msimu ulipofunguliwa, jamani, roho ilinitoka. Malori ya kwanza yalikuja machache, tena yamejaa robo tu. Fundi viatu jirani akaniuliza kama nimehamia kwenye biashara ya magodoro. Mke wangu alikuwa akitoka kazini anasimama mlangoni kuangalia barabara, na mimi nashona tu kwa sababu nikiacha nitalia.

Ndipo kahawa ya bondeni ikashuka. Lori baada ya lori! Foleni ikafika kona, madereva wanapigiana honi, kahawa inamwagwa juu ya maturubai kwa kukosa pa kuitia, na meli ya mnunuzi inakaribia bandarini. Meneja akavuka barabara mwenyewe, jasho linamtiririka, na ile suruali yenye mikunjo.

"Fundi wangu! Shemeji hajambo? Haya magunia… yanauzwa?"

"Takriban yote," nikamjibu.

Tamaa ilinipanda, sikatai. Ningeweza kumkamua yule bwana mpaka mate yamkauke. Lakini mtafiti alikuwa amesimama mlangoni ananikodolea macho, kwa hiyo nikamuuzia kwa bei ya soko. Wapagazi wakabeba mpaka sakafu ikaonekana tena, tena kwa shangwe, wakimpungia mkono Mama Takriban. Nilifurahi mpaka nikacheza peke yangu katikati ya duka tupu.

Nilipochoka kucheza nikamwambia, "Haya sasa, mama watoto. Taarifa zimetimia. Unanipenda?"

Alinitoa nyuzi za gunia kichwani, moja moja.

"Nakupenda."

Nikasubiri. Nilimjua mke wangu, kuna kitu kingefuata: takriban, inaelekea, ikizidi au ikipungua. Akachukua ufagio, akaanza kufagia. Hakikufuata kitu.