Mkanda Alioonea Haya

Baba yangu alizaliwa Tseikuru, mama yangu Matiliku, na mimi nilizaliwa kwao mama kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na uji mwaka ule. Andika hivyo, mjukuu wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia katika maji yaliyompita magoti. Lakini baba yako mdogo, kitinda mimba wangu, alipopata kazi katika meli ya mizigo, ghafla kila jirani akawa bingwa wa bahari.

Kanisa liliandaa ibada ya kumuaga. Mwanangu alikuwa amejinunulia jaketi la kuelea, ingawa meli ilikuwa na yake. Akina mama walilikalisha kwenye kiti cha mgeni wa heshima, juu ya kitambaa cha kufuma, likiwa bado ndani ya nailoni. Mchungaji aliliombea kwa muda mrefu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye hutapika akipanda gari la kwenda Kambu, alitufundisha namna ya kutulia wakati wa dhoruba. Tulimpigia makofi.

Nilimuuliza mwanangu kama amewahi kulivaa. Akasema kwenye chuo cha mabaharia walivaa ya chuo. Hili hakutaka kulichafua kabla ya safari. Nikamwambia twende silanga, lile bwawa tunalonyweshea ng'ombe, akalichafue. Kanisa zima likatufuata.

Alilivaa, akalifunga kifuani, akaipuliza filimbi yake. Mkanda mmoja ulibaki ukining'inia nyuma kama mkia. Aliingia mpaka miguu ikakosa pa kukanyaga. Hapo jaketi likapanda, likamziba mdomo na masikio, naye akabaki chini yake akinywa maji ya ng'ombe. Wachunga ng'ombe wakamsihi awabakizie kidogo, kisha wakamvuta kwa kamba ya ndama.

Nilimuuliza mkanda ule una kazi gani. Akanong'ona kwamba hupitishwa katikati ya miguu na kukazwa mbele, ili jaketi lisipande. Mwalimu wao alikuwa amewasisitizia sana jambo hilo.

"Sasa mbona hukuupitisha?"

"Mbele yako, mama? Na akina mama wa kanisa wote hawa?"

Nikamuuliza kama melini hakuna wanawake. Alikiri kwamba msaidizi wa nahodha ni mwanamke.

"Basi utakufa kwa adabu," nikamwambia. "Tutasema ulikuwa kijana mwenye heshima, na hatutakuwa na mwili wa kuzika. Pitisha mkanda."

Akina mama walijifanya wanatazama mawingu, ambayo hayakuwapo. Akaupitisha, akaukaza, akarudi majini. Akaelea chali, uso nje, kama kibuyu. Nilimvua na kumvalisha tena na tena, mpaka alipoacha kuangalia ni nani anayemwangalia. Jumapili iliyofuata hakuna mama aliyekaa kwenye benchi langu. Nilikaa kwa nafasi.

Juzi alituma sauti kwenye simu yako. Moto ulizuka katika jiko la meli, king'ora kikalia, wakakusanyika juu wakiwa wamevaa majaketi. Msaidizi wa nahodha akapita akivuta mkanda wa kila mmoja. Baadhi ya wenzake walikuwa wameuacha uning'inie. Wa mwanangu ulikuwa umekazwa. Moto ulizimwa kabla ya mtu yeyote kuruka majini, naye bado yuko huko, na meli ina safari ndefu.

Sauti hiyo usiifute ili upate nafasi ya nyimbo zako. Itunze mpaka arudi aisikie mwenyewe. Asiporudi, itunze zaidi.