Tulivyokula Maua ya Mama Idda

Wengi wanaomkumbuka Ema, yaani Mama Idda, wanamkumbuka kwa mwendo wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na alitembea kana kwamba kuna mtu anamwita huko mbele. Ukimwambia, "Mama Idda, polepole, tunakwenda bondeni, hatukimbizwi," alicheka na kuongeza mwendo. Mimi niliyelima naye tuta kwa tuta miaka kumi na mmoja nitasimulia habari nyingine, ile ambayo watu wa Njombe walinitania nayo mpaka nikazoea. Sitaipamba. Mwenye makosa ndani yake ni mimi Hulda, na nikijaribu kujisafisha, Kefa mume wangu amekaa hapa karibu anasikiliza.

Siku hizo za Mwingereza tulikuwa wanawake sita wa usharika mmoja, na kinyungu kimoja. Kwa asiyejua, kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, mvua zikishakatika. Huko juu mahindi yamevunwa na ardhi imekauka, lakini chini kuna unyevu. Unachimba mfereji, unafukia nyasi ndani ya tuta, unapanda njegere, kabichi, vitunguu na viazi, na kijito kinafanya kazi iliyobaki. Hivyo ndivyo wanavyosema wanaume. Kazi iliyobaki inafanywa na mgongo wako.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Lucia, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kuku. Kila mmoja wetu alikuwa na tuta lake la kutunza, lakini mavuno yalikuwa ya wote, na Mama Lucia aliyawekea sheria moja tu. Kila kinachochimbwa kinyunguni kinatiwa kwenye tenga moja mbele ya macho ya wote, kisha kinagawanywa. Anayeficha hata karoti moja anatoka, na tuta lake anapewa mwingine. Hakuwa anatania. Mwaka uliotangulia Fidelia alitolewa kwa sababu ya vitunguu vinne alivyovifunga kwenye pindo la kanga, na Fidelia alikuwa binamu yake Mama Lucia.

Ema hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mkinga wa upande wa Bulongwa, aliyeletwa Njombe na ndoa. Yoramu mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge, akafia huko kwa homa, akamwachia binti mmoja tu, Idda. Nasema kweli, mwanzoni sikumpenda. Nilimwita "yule Mkinga" hata akiwa anasikia. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani akipalilia, anasemesha kabichi, na kabichi zake zilikuwa kubwa kuliko zangu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma hasa.

Yeye ndiye aliyetuletea maua. Alipokuwa msichana alifagia ua wa sista mmoja wa misheni huko Bulongwa, na mbele ya nyumba ya sista kulikuwa na maua makubwa mekundu yaitwayo dalia. Kwa siku ya harusi yake Ema aliahidiwa achukue mengi kadiri atakavyo. Alfajiri akaenda kuyakata, akakuta sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, imeanguka usiku na maua yote yamekuwa meusi. Aliolewa mikono mitupu, ameshika kitabu cha nyimbo cha kuazima. Alipokwenda kumzika mama yake miaka mingi baadaye, alimwomba sista mbegu, akazibeba mgongoni kwa miguu siku nne mpaka Njombe. Alituambia wazi kwamba maua yale ni ya siku moja tu, siku Idda atakapoolewa.

Mama Lucia aliguna aliposikia maua, lakini akampa tuta la pembeni, penye mwinuko, kwa sharti kwamba altare ya kanisa nayo ipate. Yalichanua mwezi wa nne, makubwa kama sahani, na Jumapili ile hakuna aliyesikia mahubiri vizuri. Idda alikuwa ameshachumbiwa na mwalimu Efraimu, kijana aliyesomea Kidugala na sasa akifundisha Makambako. Harusi ikapangwa mwezi wa kumi. Mwezi wa sita baridi ikaja, sakitu ikaua mashina, na Ema akayakata yote, akafunika tuta kwa nyasi.

Sasa nisikilizeni. Ni nani kati yetu aliyejua kwamba ua lina kiazi? Kwetu ua ni ua. Linachanua, linanyauka, linatoa mbegu ndogo, basi. Wiki ile Ema alikuwa Makambako kwa wakwe, kupanga mambo ya harusi. Sisi watano tulikuwa tunageuza matuta kwa ajili ya njegere, na mimi nikiwa na haraka yangu nikapitiliza mpaka kwenye lile tuta la pembeni. Jembe likaibua kiazi. Nikachimba tena, vikaja viazi vinane vimeshikana, virefu, vinene kiunoni, vyembamba ncha zote mbili.

"Numbu!" nilipiga kelele. "Jamani, huyu Mkinga ametuficha numbu chini ya maua yake!"

Mtu wa nyanda hizi hawezi kunilaumu. Numbu ni viazi vyetu vya asili, chakula chetu tangu enzi za mababu, na Wakinga wanazipenda kuliko mkate. Zinachimbwa majani yakishakauka, na juu ya tuta lile hakukuwa na jani bichi hata moja. Umbo ni lile lile. Hata Mama Lucia, ambaye hakubaliani na mtu upesi, alikishika kimoja, akakigeuza, akasema, "Ni numbu. Tena zimenona." Tulichimba tuta zima tukajaza sufuria, tukachemsha pale pale bondeni na chumvi.

Tuliketi tukala. Zilikuwa na majimaji, na nyuzi zilizonasa kwenye meno, na hazikuwa na ladha yoyote. Mama Lucia alikula tatu kwa heshima ya chakula. "Numbu za Bulongwa," alisema akitafuna, "zimepungukiwa kitu." Tukacheka, tukaendelea.

Kabla ya kuchemsha, nilikuwa nimefanya jambo ambalo hakuna aliyeliona. Vishada vitatu, vile vilivyokuwa bado vimeshikana na shina, nilivisukuma chini ya majani kwenye kikapu changu. Nilitaka mbegu. Niliona jinsi zilivyo nene, nikajisemea kwamba mwakani numbu zangu zitamtoa mtu macho, na yule Mkinga atakuja kuniuliza mimi. Nilivipanda jioni ile ile nyuma ya nyumba, karibu na mahali tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo.

Ema alirudi Jumamosi. Alishuka bondeni kwa mwendo wake ule, anatabasamu, ana habari za Makambako mdomoni. Akafika kwenye tuta la pembeni akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo.

"Kamwene, Mama Idda," nilimsalimu.

"Viko wapi?" aliuliza.

"Numbu? Tumekula," alisema Mama Lucia. "Ungetuambia kwamba unazo. Hapa hatufichani."

"Hazikuwa numbu," Ema alisema. "Hayo ndiyo maua yenyewe. Ndimo yanamotokea. Mmekula maua ya mwanangu."

Hakutupigia kelele, na afadhali angepiga. Alikaa chini kwenye udongo uliochimbwa akaanza kupekua kwa vidole kutafuta hata kimoja, na sisi wote tukapiga magoti tukapekua naye. Hatukupata kitu. Mama Lucia alivua kilemba akafuta uso, akasema mara tatu, "Nisamehe, mwanangu," na yeye si mtu wa kusema neno hilo. Mimi nilipekua kuliko wote. Nilijua vilipo, na sikufungua mdomo.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu ya Fidelia na vitunguu vyake vinne. Ningesema, ningetolewa kinyunguni mbele ya usharika mzima, nami nilikuwa na watoto watano na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Nikajidanganya kwamba huenda zangu ni numbu za kweli.

Mwezi wa saba vikaota. Majani hayakuwa ya numbu hata kidogo. Basi nikawa mlinzi. Kila jioni nilivifunika kwa mabua ya mahindi, na kila asubuhi, kabla jua halijafika uani, niliviosha sakitu kwa maji ya mtungi, vidole vikifa ganzi. Mchana niko bondeni, ninapalilia njegere kando ya Ema. Alikuwa ameacha kuimba. Kabichi zake nazo hakuzisemesha. Nilipata nilichokitaka mwaka mzima, bustani yenye kimya, nikaichukia.

Kefa ndiye aliyenibana. Asubuhi moja alinikuta nimeinamia miche ile mitatu na kibuyu mkononi.

"Mama Mika," aliniita, "watoto wako hujawaosha uso, lakini haya majani umeyaosha."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. "Na siku ya harusi utayapelekaje? Utasema yameanguka kutoka mbinguni?"

Jumamosi iliyofuata, njegere za kwanza zilipokwisha kugawanywa, nilisimama mbele ya tenga. Nikasema kwamba siku ile ya numbu nilificha vishada vitatu, kwamba nilivipanda kwangu, na kwamba sasa ni miche. Mama Lucia akafungua mdomo wake mkubwa, lakini Ema alimtangulia.

"Ni mizima?" aliniuliza.

"Mizima. Mitatu. Imefika hapa," nikaonyesha gotini.

Alitupa jembe. Alipanda ule mlima hata sikumwona alipopitia, na sisi tukamfuata tukihema. Tulipofika nyuma ya nyumba yangu tulimkuta amepiga magoti penye matope ya maji ya vyombo, anagusa jani moja moja, analia na kucheka kwa pamoja. "Umeyafunika," alisema. "Mimi nisingeweza kuyalinda hivi kule bondeni. Sakitu ya mwaka huu ingeyamaliza."

"Sheria ni sheria," alisema Mama Lucia alipopata pumzi. "Hulda ameficha, Hulda atoke."

Ema alisimama, matope magotini, akamtazama usoni. "Akitoka yeye, natoka na mimi. Na ukitaka wanaotoka wawe wengi, Mama Lucia, tuanze na waliokula. Wewe ulikula ngapi?"

Wanawake waliinamisha vichwa kuficha meno. Mama Lucia alijaribu kununa, akashindwa, kicheko kikamtoka kama maziwa yanayochemka. Hukumu yake ikawa kwamba nichote maji ya matuta yote sita mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nilichota. Siku nyingi nilimkuta Ema ameshajaza nusu.

Kuanzia siku hiyo alikuja kwangu kila asubuhi. Tuliosha sakitu pamoja, tukafunga miche kwenye vijiti, tukagombana juu ya samadi, maana yeye alitaka ya mbuzi na mimi ya ng'ombe. Akaanza tena kuimba. Chipukizi la kwanza likatoka mwezi wa nane mwishoni, na Kefa akalalamika kwamba sasa nyumba yake imekuwa kanisa. Mwezi wa kumi ulipofika tulihesabu maua kumi na moja, mekundu, hakuna lenye doa.

Watu wa Makambako walikuja na lori, wanaimba tangu barabarani. Idda alikuwa ndani, amevaa gauni jeupe la kuazima, na maua yale mikononi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sahani ya maandazi, kazi yangu imekwisha, nimeridhika. Ndipo mshenga wao, mzee mmoja mrefu aitwaye Filemoni, akabisha hodi na kuuliza kama ilivyo desturi.

"Tumekuja kumpokea binti. Hatumchukui mkononi mwa mama aliyemzaa. Mama yake mdogo ni nani, atutolee?"

Dada zake Ema wote walikuwa Bulongwa, siku nne kwa miguu, na hakuna aliyeweza kuja. Nilimwona Ema anatazama huku na huku, nikamhurumia, nikageuka kumtafuta Mama Lucia, maana ndiye mkubwa wetu na ndiye angefaa. Mkono ukanishika kiwiko, maandazi yakayumba.

"Yupo," Ema aliwaambia. "Ni huyu Hulda, mdogo wangu."

Hakutabasamu aliposema hivyo, wala hakunitania. Alilisema kama mtu anavyotaja jina la mtoto wake. Idda akahamishia maua mkono wa kushoto, akanipa wa kulia, na nikamtoa nje mbele ya watu wa Makambako. Nililia njia nzima mpaka kanisani, na sikujali nani ananiona.