Gurudumu la Akiba

Mtaani walimwita Injinia, na yeye peke yake ndiye hakujua kwamba wanamcheka. Kazini alikuwa karani wa stoo, kazi ya kukaa kitini na kuwaambia watu kwamba walichokuja kuchukua kimekwisha. Lakini nyumbani, chochote kilicholia, kuvuja au kulegea alikivamia na bisibisi. Feni ya sebuleni aliitengeneza, tangu siku hiyo ikawa haizunguki mpaka isukumwe kwa mti wa ufagio. Mlango wa bafu alioutengeneza uliwafungukia wanaoingia tu. Wa kutoka walipiga kelele.

Mama mkwe wake aliyajua hayo yote, maana alihamia pale tangu mimba ilipoanza kumlemea binti yake. Mkwe humsemi ovyo. Basi alikaa mlangoni na ungo wa mchele, akichambua kwa vidole huku macho yakiwa kwenye gari.

Gari lilikuwa linapiga mayowe kila likiwashwa, na kesho yake asubuhi ndilo lilitakiwa kumpeleka binti hospitali akapasuliwe, kwa kuwa mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mama hakuwa na binti mwingine. Wiki nzima usingizi ulikuwa unamjia na kumkimbia.

"Ni mkanda tu huu," alisema Injinia, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Nimeona kwenye simu wanavyobadilisha. Unavua, unavaa, kama suruali."

"Baba, si ungemwita yule fundi wa pale kona?" mama mkwe alimshauri.

"Yule, mama? Yule ataishia kuniuliza mimi!"

Mkanda wenyewe ulikuwa umezungushwa kwenye magurudumu madogo ya chuma ubavuni mwa injini, ukipita juu ya hili na chini ya lile, umekaza. Akavuta. Akanong'ona tusi, akavuta tena. Mwisho akaingia jikoni, akatoka na kisu cha mkate, akaukata vipande viwili na kuvirusha ndani ya gari la taka lililokuwa linapita. Akajipangusa mikono kama daktari aliyetoka kuokoa roho ya mtu.

Hakuchora ulikopita. Hakuupima. Alipokumbuka kwamba dukani ataulizwa urefu, gari la taka lilishakata kona. Basi akaikata kamba ya kuanikia nguo ili apimie magurudumu, na nepi mpya za mjukuu, zilizofuliwa asubuhi ile, zikalala vumbini.

"Zilishakauka, mama," alisema, kana kwamba amemsaidia kuanua.

Seremala jirani alichungulia juu ya ukuta. "Injinia! Unafunga injini au unafunga mzigo?"

"We randa mbao zako!"

Alirudi na mkanda mpya, mzuri, unanukia duka. Ulifika kila mahali isipokuwa kwenye gurudumu moja la pembeni. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha mama akamwona anatazama huku na huku, kama mgeni aliyevunja sahani ya wenyeji. Akaliruka lile gurudumu, akaupachika mkanda kwenye mengine, akawasha gari.

Kimya. Hakuna mayowe. Injinia akajipigia makofi.

Mama aliweka ungo chini, akasogea. Magurudumu mengine yalikuwa yanazunguka, hili limesimama tu, linawatazama wenzake.

"Baba, na hili mbona haliendi?"

"Hilo, mama? Hilo la akiba."

La akiba! Mama alishaona ujinga wa kila namna, lakini huu ulikuwa umevaa tai. Angekuwa mwanawe wa kumzaa, angemvulia kiatu.

"Gari limepona?" binti aliuliza kutoka chumbani, sauti imechoka.

"Limepona, mke wangu! Kesho tunateleza!"

Mama akaiwaza kesho. Akamwona binti yake na tumbo lile, amekwama barabarani, na huyu pembeni anatafuta maelezo. Akatabasamu.

"Hongera, mwanangu. Basi hebu nipeleke kwa dada yangu kule kilimani, nikachukue blanketi la mtoto."

"Sasa hivi, mama?"

"Kwani unanikatalia?"

Seremala alikuwa bado ukutani. Injinia akamfungulia mama mlango wa gari.

Njia nzima alimfundisha mama habari za injini. Mama alipakata mkoba, akiangalia mshale mdogo kwenye dashibodi ambao hakujua kazi yake, ila aliuona unapanda. Nusu ya kilima, mvuke ukafoka pembeni mwa boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na gari likazima.

"Ni jua hili, mama. Halafu wameniuzia mkanda feki."

Mama alitazama juu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

"Ndiyo, baba. Ni jua."

Akashuka, akasimamisha teksi ya kwanza iliyotokea na kumwelekeza dereva nyumba ya kuja kuwachukua kesho.

Asubuhi binti alikaa kiti cha nyuma cha teksi, kichwa begani kwa mama yake. Injinia alikaa mbele. Hawajatoka hata mtaani, akatega sikio.

"Kaka, unausikia mkanda wako unavyolia? Jumamosi nipitie nyumbani, kazi ndogo tu ile."

"Dereva," alisema mama, "hebu ongeza redio."