Hodi kwenye Tembe la Mifupa ya Nyangumi

Aliyeniponza ni Helen. Tunafanya kazi hoteli moja kule Bloomington, Minnesota, mimi mapokezi, yeye jikoni, na ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akitoka nje Januari bila kofia. Kwao ni Alaska, kaskazini kabisa, kijiji kilichokaa ukingoni mwa bahari ya barafu. Bibi yake alizaliwa huko katika nyumba ya kale ya udongo na mifupa ya nyangumi, na sasa nyumba hiyo imebakiza hatua tisa kuufikia ukingo. Ardhi iliyoganda tangu zamani inayeyuka, na kila barafu ya baharini ikiondoka, mawimbi humega kipande kingine. Helen alikuwa na mimba ya miezi minane, daktari amemkataza kupanda ndege.

"Mwanangu hataiona," aliniambia tukinywa chai.

Mimi nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya upimaji wa majengo mwezi uliotangulia, nina cheti kikubwa kuliko dirisha la chumba changu. Nikasema nitamletea nyumba hapa hapa. Mwalimu wangu akaniazima skana, mashine inayozungusha mwanga wa leza na kunakili kila ufa wa ukuta hadi kwenye kompyuta.

Alhamisi alfajiri, uwanja wa ndege. Mkenya ninayekaa naye New Hope alinisindikiza. "Buda, uki-freeze huko, hiyo gari yako nitabaki niki-drive mimi." Nilimcheka. Mtu aliyekaa Minnesota miaka sita, baridi gani tena imtishe?

Ijumaa mchana, kijijini. Ndege ya tatu ilikuwa ndogo kiasi kwamba rubani akipiga chafya tunabadili njia. Kijana mmoja akanibeba kwa pikipiki ya theluji, akanishusha mbele ya nyumba ya mbao ya Bibi Martha, bibi yake Helen, akaondoka zake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni Mtanzania tu angelifanya. Nilisimama mlangoni, nikabisha, nikaita hodi. Kimya. Nikaita tena. Mama yangu alinifundisha kwamba hodi ni tatu, na bila karibu hata mfalme haingii. Nikangoja. Nilingoja karne moja na nusu. Kope zilishikana, pua ikaniaga, mzigo wa skana uko juu ya barafu miguuni pangu. Mwishowe mlango ukafunguka, akatokea kikongwe mfupi, macho yamejaa kicheko.

"Nimekuona dirishani muda mrefu. Nilidhani unasali, nikaona nisikukatize."

Nikamweleza habari ya hodi. Akanivuta ndani kwa mkono. "Huku hatubishi. Mtu akibisha, tunajua ni mgeni au ana habari mbaya. Wa kwetu anaingia tu."

Redio ilikuwa imetangaza upepo mkali usiku ule, na ndege yangu ya kurudi ilikuwa asubuhi yake. Kwa hiyo ilikuwa jioni ile au basi. Nikafungua mzigo, nikabonyeza kitufe. Skana haikuwaka. Betri zote tatu zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Heshima yangu mlangoni ndiyo iliyoziua. Nikakaa chini nikimwona akilini Helen na tumbo lake, na mimi nikirudi na cheti changu kikubwa.

Bibi Martha alizikusanya betri. Alivaa koti lake la manyoya, lile lenye nafasi mgongoni ya kubebea mtoto, akazitumbukiza humo, akajifunga mkanda kiunoni, akaanza kutembea jikoni huku akiyumba taratibu na kuimba chinichini. Nilicheka mpaka machozi, maana mama yangu alinibeba hivyo hivyo kwa mbeleko. Mimi nilipewa chai na ngozi ya nyangumi yenye mafuta yake, nikala kana kwamba nimezaliwa nayo. Saa moja baadaye akazitoa, zina joto la mtu. Skana ikawaka.

Saa moja jioni jua lilikuwa bado juu, maana huko mwezi wa Aprili huchelewa kuzama. Tukaenda. Mlango ni mfupi, unapita kwenye njia nyembamba umeinama kama unayetafuta sindano. Ndani niliinua kichwa. Paa la udongo na nyasi, nguzo za mbavu, giza lenye harufu ya mafuta. Lilikuwa tembe. Tembe la bibi yangu kule Dodoma, isipokuwa pale nguzo zilikuwa za miti. Lilianguka kwa mvua nikiwa huku, na hakuna aliyelipiga hata picha moja. Nikamwambia Bibi Martha.

"Basi usipime kuta tu," akasema. "Washa na kinasa sauti, nikuonyeshe kila mtu alikaa wapi."

Akaanza: hapa mama, pale taa, na kule kulia, alipocheza Helen akiwa mdogo. Skana ikazunguka, betri hazikuzima. Upepo ulipoanza kupiga, tulikuwa tumemaliza.

Jumapili iliyofuata, New Hope. Niliacha mlango bila kufunga makusudi. Helen akaingia moja kwa moja, hakubisha, akavaa sebuleni pangu miwani ya kompyuta, ile inayokuonyesha nyumba niliyoipima kana kwamba umo ndani yake. Akasimama kidogo. Kisha, katikati ya zulia tupu, akainama, mkono tumboni, akapita chini ya mlango usiokuwepo. Sauti ya bibi yake niliyoinasa ikasema, "Kule kulia." Helen akageukia kulia, akaketi sakafuni.

Nimejifunza kwamba mashine hupima nyumba, lakini mwenye nyumba ndiye anayekuonyesha pa kukaa. Na kama kuna tembe lingine la nyumbani ambalo bado limesimama, nitalifuata na betri zangu mgongoni.

Nilibaki nimesimama, nikajikuta nasema hodi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Huku hatubishi," Helen akasema, miwani usoni. "Inama, uingie."